Nishike Mimi, Acha Fimbo

Siku ya mwisho ya maonyesho ya boti watu walijaa hata ukitaka kujikuna inabidi uombe nafasi. Vipaza sauti vinabishana, wauzaji wenye tai wanapigana vikumbo kugombea wateja, watoto wanalia wanataka aiskrimu. Kwenye kona ya boti zilizokwisha kutumika, ambako kelele zilipungua kidogo, mwanamke mmoja alikuwa amekaa juu ya boti nyeupe yenye mstari wa buluu, kwenye kiti cha kuvulia, nyayo amezikaza mbele, mikono ameikunja kama anavuta kitu kizito. Macho alikuwa ameyafumba.

Alivaa jinzi iliyopauka magotini, shati jeupe lililokunjwa mikono hadi juu ya viwiko, na kitambaa chekundu kichwani. Mabega yake yalikuwa ya mtu wa kazi. Kazi yenyewe ilikuwa bandarini, kuendesha winchi ya kushushia makontena, na huko wenzake walimwita Winchi mpaka jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi.

"Samahani dada, wewe ndiye mwenye boti?"

Winchi akafumbua macho. Sauti ilitoka miguuni pake. Kwenye mlango wa chumba cha chini kilikuwa kimetokeza kichwa cha mwanaume, nywele zimevurugika, miwani imekaa upande.

"Mimi nimekaa tu," alisema Winchi. "Wewe je?"

"Mimi nimelala tu."

"Umelala kwenye boti ya watu?"

"Napima kitanda. Mama yangu analala kwa kujinyoosha, hataki miguu iguse ukuta." Akapanda juu akijipangusa suruali. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake la mistari limepigwa pasi vizuri mbele na kukunjamana mgongoni. "Na wewe unapima nini?"

"Napima samaki."

Kabla hajauliza samaki gani, muuzaji akawaparamia kwa tabasamu pana. "Naona bwana na bibi mmeshaafikiana! Hamjakosea hata kidogo. Si kubwa, si ndogo. Baba akitaka mashindano, kiti hicho, tangi la chambo hilo, matundu ya fimbo za kuvulia haya. Mama akitaka kutembea na familia, jiko lipo, choo na bafu vipo, vitanda vipo chini."

"Umekosea," alisema Winchi. "Mashindano ni ya mama."

"Na jiko ni la baba," alidakia yule mwanaume, uso mkavu kabisa.

Muuzaji akabaki akiwatazama kwa zamu. Wao wakatazamana, na Winchi, ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka na watu asiowajua, akacheka mpaka akashika ukingo wa kiti.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwanaume alikuwa na duka la miwani mjini, yeye na dada yake, na boti walikuwa wanainunua kwa ajili ya mama yao. Tangu baba afariki, bibi yule alikuwa hatoki nyumbani. Ni yeye na ukuta, ukuta na yeye. Siku moja tu walimpandisha boti ya jirani, akarudi anaimba jikoni. Kijana akaapa mama atapata boti. Tatizo ni kwamba boti aliijua kwa kuiona.

"Hujui kuendesha?" Winchi aliuliza.

"Kwenda mbele najua."

"Na kurudi nyuma?"

"Ndiyo maana nauliza uliza. Unamjua mtu?"

Winchi akaitazama boti kutoka mbele hadi nyuma. Tuseme ukweli, aliitamani kuliko alivyokuwa amewahi kutamani kitu. Kwa misimu kadhaa alikuwa akipanda boti za watu kwenye mashindano ya kuvua, na kila mara kisa kilikuwa kilekile. Akija samaki mdogo, anapewa fimbo na kupigwa picha. Akija nduwaro, yule samaki mkubwa mwenye mdomo kama upanga, mwenye boti anaruka: "Lete, dada, usije ukaumia." Na fimbo inamtoka mikononi. Mtu aliyekuwa akinyanyua makontena tangu asubuhi hadi jioni! Alikuwa amejiapiza kumpata nduwaro mmoja kwa mikono yake mwenyewe, tangu anaponasa hadi anapofika ubavuni mwa boti. Mmoja tu, lakini wake.

"Namjua," alisema. "Ila ana sharti. Atakufundisha, na siku ya mashindano boti ni yake."

"Yuko wapi nimwone?"

"Umemwona. Nitakuita Miwani, usikasirike."

* * *

Kufundishana kuna mambo yake. Mtu akikuonyesha namna ya kurudisha boti kinyumenyume gatini, lazima asimame karibu. Wiki za mwanzo walizungumza habari za injini. Wiki zilizofuata injini ikawa kisingizio.

"Haloo, Winchi? Kuna mlio."

"Mlio gani?"

"Kama... trrr. Halafu unanyamaza."

"Miwani, sasa hivi uko kwenye boti?"

"Niko dukani."

"Na mlio unausikia kutoka dukani?"

"Nilitaka kusikia sauti yako. Sasa unanitesa bure."

"Sema hivyo basi, kipenzi. Usisingizie injini ya watu, haijakukosea."

Kila Jumapili walitoka na mama yake, ambaye kila mtu alimwita Bi Mkubwa. Alikuja amevaa kofia ya majani, gauni la maua na viatu vya raba vyeupe, chupa ya chai kwapani. Alikaa kando ya usukani akiuliza maswali kama mtahini: hiki cha nini, kile ukikivuta inakuwaje, kwa nini umepunguza mwendo. Winchi alimjibu yote. Bi Mkubwa alimpenda waziwazi, akamwita mwanangu tangu siku ya pili.

Kitu kimoja tu kilimchekesha Winchi. Wakiwa wawili, Miwani alikuwa mtu wa kushikana mikono, kuegemeana, kumnong'oneza mambo yasiyoandikika. Bi Mkubwa akitokea, anaruka pembeni kama amekanyaga kaa la moto, anaanza kukunja kamba ambayo imekwisha kukunjwa.

"Mama yako anajua," Winchi alimtania. "Ana macho."

"Macho yake nimeyapima mwenyewe, ni mazuri mno. Hilo ndilo tatizo."

* * *

Siku ya mashindano bahari ilikuwa na mawimbi mafupi yenye hasira. Sheria zilikuwa chache na kila mtu alizijua: tangu samaki anaponasa, fimbo ni ya mtu mmoja. Mtu mwingine akiigusa, hata kwa kidole, samaki huyo hahesabiwi. Uzi ukishavutwa mpaka kipande cha waya cha mwisho kifikiwe na mkono wa msaidizi, samaki amepatikana, anapimwa kwa macho, anaachiwa aende zake. Majaji hawapandi kila boti. Watu wanaaminiana kwa redio.

Nduwaro alinasa kabla ya saa sita. Fimbo ilipinda, uzi ukatoka kwa mlio mkali, na huko mbali maji yakapasuka, samaki akaruka mwili mzima akimetameta. Bi Mkubwa, aliyekuwa mlangoni mwa chumba na kikombe mkononi, akapiga kelele. Miwani alikuwa kwenye usukani.

"Wangu!" Winchi alisema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

Alisimama na fimbo mikononi, mkanda wa kuvulia kiunoni, maana kiti kilikuwa kinamnyima nafasi ya kugeuka. Alivuta, akaachia, akavuta. Jasho likamwingia machoni. Mikono ikamwaka moto. Alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo, na alijua kwamba anashinda. Ndipo wimbi likapiga kwa ubavu. Mguu wake ukateleza kwenye maji, kiuno kikagonga ukingo, na samaki akachagua sekunde hiyo hiyo kukimbia. Winchi akainama nje, nusu yake iko botini, nusu iko baharini.

Miwani aliweka gia huru boti isiende, akaruka, akafika. Na mikono yake yote miwili ikashika fimbo.

Akavuta. Winchi akarudi ndani, akasimama sawasawa, akaitazama ile mikono iliyokakamaa kwa kukaza, juu ya fimbo yake. Miwani akaiachia haraka. Winchi akaendelea na kazi, maana hakujua kuacha katikati, na samaki akaja mpaka ubavuni, mkubwa kuliko wote waliotangazwa siku hiyo. Miwani akagusa waya. Wakamwachia.

"Hakuna aliyeona," Miwani alisema kwa sauti ya chini. "Mama, umeona kitu?"

"Mimi nilikuwa namimina chai," alisema Bi Mkubwa, ambaye kikombe chake kilikuwa kimeanguka zamani.

Winchi akachukua redio. "Majaji, nduwaro wetu asihesabiwe. Fimbo imeguswa na mtu wa pili." Akairudisha mahali pake taratibu, akakaa, akageuza uso.

Walipofika gatini ndipo alipolipuka.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unatumbukia!"

"Ungenishika mimi! Sheria inaruhusu kunishika mimi. Huu mkanda wa kiunoni una kishikio nyuma, unafikiri kimewekwa kwa ajili ya urembo? Ukaacha mtu mzima, ukashika fimbo!"

Miwani akafungua mdomo. Akamtazama mama yake aliyekuwa hatua chache kutoka pale, akijifanya kufunga kamba. Akaufunga mdomo.

"Sema kitu."

"Sina la kusema."

"Basi mimi ninalo. Nilidhani wewe ni tofauti. Kumbe na wewe ni walewale, samaki mkubwa akija mnaona mikono yangu haitoshi."

Akavua mkanda, akauweka juu ya kiti, akaondoka bila kugeuka. Ilimuuma, msidanganyike. Alilia kwenye ngazi za winchi siku iliyofuata, huko juu ambako hakuna wa kumwona, halafu akashusha makontena yote bila kukosea hata moja.

* * *

Miwani alipiga simu. Hakupokelewa. Akatuma ujumbe: samahani, samahani sana, samahani mpenzi. Winchi aliusoma akauacha. Samahani bila sababu ni ya nini?

Shindano la kufunga msimu lilikuwa linakaribia, na yeye hakuwa mtu wa kukaa akajihurumia. Akaanza kuzunguka magatini, boti kwa boti, na sharti moja: fimbo asiguse mtu. Nahodha wa kwanza alicheka. Wa pili alimwambia angoje mwakani. Wa tatu, mwenye cheni shingoni na kaptura ya kubana, alimpiga bega kirafiki. "Dada, kwenye boti yangu samaki wakubwa navuta mimi. Wewe utatupigia picha."

"Jipige mwenyewe," alisema Winchi, akashuka.

Kesho yake mchana aliingia kwenye duka la miwani akiwa bado na buti za kazi. Miwani alikuwa amemkalisha mteja mbele ya ubao wa herufi.

"Soma mstari wa chini, mzee."

"Siuoni."

"Mimi nakuona," alisema Winchi kutoka mlangoni. "Nataka boti."

Miwani akaangusha fremu. "Boti?"

"Boti. Wewe sijakutaja. Tulipatana, na mimi natimiza upande wangu. Unajua kurudi nyuma sasa?"

"Najua."

"Basi deni langu limekwisha, bado lako. Na nitakuhitaji wa kugusa waya, maana nimezunguka kote na wote wana mikono mirefu. Wewe angalau nilipochukua redio hukuninyang'anya. Ila ukigusa fimbo tena, Miwani, nakutupa baharini na miwani yako."

"Kijana wangu," alisema mteja, "mkubalie, mimi nitakuja siku nyingine."

"Nakubali," alisema Miwani. "Winchi, kuhusu siku ile..."

"Usiniambie habari za siku ile kama huna sababu."

Alikuwa nayo, ila mbele ya mteja na dada yake aliyekuwa ametega sikio nyuma ya kabati, ilikataa kutoka. Jioni Winchi akapigiwa simu, na si na Miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia tunakwenda. Usukani nashika mimi."

"Wewe, mama?"

"Mimi. Huyu mwanangu akishika usukani halafu akauacha, boti inabaki na nani? Umenifundisha Jumapili ngapi? Au ulidhani nauliza kwa kukosa la kusema?"

* * *

Siku ya shindano Bi Mkubwa alifunga kofia yake kwa utepe chini ya kidevu, akakaa nyuma ya usukani na mgongo ulionyooka, akaitoa boti gatini bila kugonga kitu. Miwani alivaa fulana ya mikono mirefu na uso wa mtu anayekwenda mahakamani. Winchi alifunga mkanda kiunoni, akaukaza, akakaza tena. Hakumsemesha mtu.

Asubuhi ikapita bila kitu. Jua likawa kali. Boti nyingine zilitangaza samaki wao kwenye redio, moja baada ya nyingine, na Winchi akabadilisha chambo, akabadilisha tena, midomo ameibana. Hata alipoambiwa anywe maji alikunywa akiangalia uzi.

Kisha fimbo ikapinda.

Huyu alikuwa mwingine kabisa. Hakuruka, alizama, na kuvuta kwake kulikuwa kwa kimyakimya na kwa ukatili. Bi Mkubwa alirudisha boti nyuma kumfuata, taratibu, akigeuza shingo huku na huku. Winchi alivuta mpaka vidole vikafa ganzi. Alipata uzi kidogo, samaki akauchukua. Akapata tena. Mawimbi yalianza kuinuka, na kila boti ilipolala upande mmoja, yeye alisogezwa ukingoni.

Nyuma yake Miwani alikuwa amesimama, mikono ameinua juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Shika!" Winchi alipiga kelele.

"Nishike nini?"

"Mimi! Nishike mimi, acha fimbo!"

Miwani akasogea, akasita, akageuka kutazama usukani. "Mama anaangalia."

"Nini?"

"Mama anaangalia!" Sauti yake ikapasuka. "Hata siku ile alikuwa anaangalia! Nilikuja kukushika wewe, Winchi, naapa. Nikafika, nikamwona mama, mikono ikaenda kwenye fimbo yenyewe. Sijawahi kumkumbatia mwanamke mbele ya mama yangu. Niliona haya. Na nikaona haya kukwambia kwamba niliona haya."

Winchi alikuwa na nduwaro upande mmoja na maneno hayo upande wa pili, na hakujua kipi kizito zaidi. Wiki zote hizi! Wiki zote hizi amelia, amechukia, amehesabu mikono yake kuwa haitoshi, kumbe mtu alikuwa anamwonea haya mama yake! Alitaka kucheka, alitaka kumpiga, na moyo ukamlegea hapo hapo, wakati mbaya kuliko wote.

Kutoka kwenye usukani ikaja sauti ambayo ingesikika hadi gatini. "We mtoto! Unataka mwana wa watu atumbukie kwa sababu ya adabu? Mshike!"

Miwani akashika kishikio cha mkanda kwa mkono mmoja. Wimbi likaja. Akamzungushia mkono wa pili kiunoni, akakaza, akaweka kidevu begani kwake kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukiweka. Miguu ya Winchi ikatulia kwenye sakafu. Kwa mara ya kwanza mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi moja tu.

"Nikuoe?" Miwani alisema sikioni.

"Nina samaki!"

"Najua."

"Huwezi kungoja?"

"Nimengoja msimu mzima. Sitaki kukushika kwa wizi tena. Nataka nikushike mbele ya yeyote."

"Nyamaza, Miwani. Nikimaliza."

Akanyamaza. Winchi akavuta. Alivuta kwa mgongo, kwa mapaja, kwa meno aliyoyauma, na kila uzi ulioingia uliingia kwa mikono yake. Samaki alichoka polepole sana, na yeye alichoka pia, ila alikataa kuwa wa kwanza kusema. Hatimaye mgongo wa buluu ukajitokeza chini ya maji, mrefu, ukisogea ubavuni. "Waya!" alisema. Miwani akamwachia, akainama, akaugusa waya. Bi Mkubwa akapiga honi mpaka boti za mbali zikajibu. Wakamtazama nduwaro yule kwa kitambo, jicho lake kubwa likiwatazama nao, kisha ndoano ikatolewa na akazama zake.

Winchi aliweka fimbo kwenye tundu lake na kuchukua redio.

"Majaji. Nduwaro mmoja, ameguswa waya, ameachiwa." Akamtazama Miwani. "Fimbo haijaguswa na mtu mwingine."

"Tumepokea," redio ilijibu. "Hongera, mvuvi."

Akalia hapo, mbele yao wote wawili, wala hakujificha. Alipojipangusa, alimwona Miwani amerudi pembeni, mikono mfukoni, macho chini, ametota kichwa hadi miguu.

"Uliniuliza kitu nikiwa na kazi," alisema Winchi. "Uliza vizuri."

Miwani akamtazama mama yake, kisha akaacha kumtazama. "Utakubali niwe mume wako?"

"Nimekubali."

Akabaki amesimama palepale, anatabasamu kama mjinga, mikono bado mfukoni.

"Sasa mbona uko mbali?"

"Mama..."

"Mama yako anaangalia, ndiyo," alisema Winchi, akamfungulia mikono yake iliyochoka. "Mwache aangalie."